Siku ya tatu barabara ya Mwanga: kilichotuangusha kwenye mazoezi ya mbio za baiskeli za siku tano

Tulivunjikia Kifaru, pale kati ya Himo na Mwanga. Sio baiskeli, timu. Tulikua tumetoka Moshi saa 12 na nusu asubuhi, tumepita Kiboriloni na Uchira vizuri kabisa, Himo tumevuka kabla malori hayajajaa, na tulipokata kulia kushika barabara ya Mwanga mimi nikiwa kwenye gari nyuma nikasema leo tunamaliza mapema manake hapo njia ni tambarare, hamna mlima wa maana. Kilomita kumi na kitu baadae nikaona msururu unafunguka kama cheni iliyochoka. Nahodha yuko mbele anavuta, nyuma yake kuna nafasi ya mita tano, halafu kumi, halafu mama mmoja wa timu kashuka kabisa kakaa kwenye jiwe pembeni ya lami, hasemi kitu, mikono inatetemeka. Waliobaki wakasimama mmoja mmoja kila mtu kwenye kivuli chake. Tukageuza pale pale, Mwanga hatukufika.

Naandika kisa hiki chote kwa sababu wiki nzima baada ya hapo tulilaumu vitu ambavyo havikuhusika, na nafikiri timu nyingine za akina dada zitapitia kule kule.

Hali yenyewe ilikua hivi. Timu ina wadada watano, wote wa Moshi na pembezoni. Tunajiandaa na mbio za siku tano nchi jirani, kila siku hatua moja, muda wa kila siku unajumlishwa. Mimi ni mlezi wa timu, naendesha gari, naandika muda, nashika chupa na madaftari. Kocha wetu ni mtu aliyekimbia sana mbio za siku moja enzi zake na anajua kufundisha miguu, hilo sitalipinga. Mwezi wa saba tukapanga majaribio ya siku tatu mfululizo ili tuone mwili unasemaje. Siku ya kwanza Moshi mpaka njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kurudi, kupitia Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, kujifunza kupokezana kukaa mbele kuwakinga wenzio upepo. Siku ya pili Moshi, Himo, halafu kupanda mpaka lango la Marangu na kurudi. Siku ya tatu ndo hiyo ya Mwanga, kwenda na kurudi kama kilomita 100. Ili tusitumie hela ya nyumba ya wageni kila mtu alikua analala kwake. Uamuzi huo ulinipa mimi fahari kabisa, nikajiona nimebana matumizi. Ngoja tutaurudia.

Siku ya kwanza safi. Siku ya pili ndo ile tuliyokua tunaiogopa wote, sababu Moshi mjini uko kama mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari na lango la Marangu liko kama mita 1,870, na sehemu kubwa ya huo mwinuko unaukuta baada ya kuiacha Himo, unapanda tu, migomba huku na huku, kona juu ya kona, pale Marangu Mtoni unadhani umefika kumbe bado. Walipanda wote. Binti wetu mdogo, ana miaka 19, alichomoka karibu na Mtoni akawaacha wenzie zaidi ya dakika nne, na wenzie wakaumia kumfukuza. Kocha alifurahi mno. Jioni ile akanipigia simu akasema sasa tuna timu. Kesho yake ndo Kifaru.

Sasa lawama. Ya kwanza ilikua upepo. Mwezi wa saba ule upepo wa kusini mashariki unashuka kwenye tambarare ya Mwanga bila huruma, na ukitoka Himo kwenda Mwanga unakupiga usoni. Hiyo ni kweli na nilikubali. Lakini nilipokaa na daftari usiku nikaona haikai, kwa sababu tulipogeuza upepo ukawa mgongoni, ule upepo uliokua adui ukawa unasukuma, na bado walirudi Himo taratibu kuliko spidi waliyotoka nayo Moshi asubuhi. Upepo ungekua ndo sababu, kurudi kungekua raha.

Lawama ya pili ilikua moyo. Kocha alisema wazi mbele yao, nyie mlikua na nguvu jana mlimani, leo tambarare mnashuka kwenye baiskeli, hii ni akili imekata tamaa. Mimi sikumbishia pale, na najuta, kwa sababu mama aliyekaa kwenye jiwe aliinama tu akawa anachora chini na kijiti, na mimi namjua miaka sita, ni mtu ambaye kukata tamaa hakumo kabisa kwenye mwili wake.

Kilichonifungua macho ni mapigo ya moyo. Tuna mikanda miwili tu ya kupimia, mmoja anavaa nahodha. Siku ya kwanza akiwa mbele anavuta mapigo yalikua yanafika 170 bila shida. Siku ya tatu alikua ananiambia miguu inawaka, anajikamua mpaka mwisho, lakini mkanda unaonyesha 148, 150, haupandi. Kama ingekua ni joto au homa mapigo yangepanda kuliko kawaida. Moyo unaokataa kupanda huku mtu anajiona amefika mwisho mara nyingi ni dalili ya mtu ambaye hajarudi katika hali yake tangu jana, misuli haina akiba ya wanga na mwili wenyewe umechoka. Yaani gari ni zima, tenki tupu.

Cha pili ni mizani. Kila asubuhi nilikua nawapima, kitu ambacho tulikianza kwa ajili ya maji tu, manake ukipungua kilo moja kwenye mazoezi ni kama lita moja ya maji imetoka. Asubuhi ya siku ya tatu yule mama alikua kapungua kilo moja na nusu ukilinganisha na asubuhi ya kwanza. Niliandika ile namba kwa mkono wangu mwenyewe nikafunga daftari nikawasha gari. Niliiona, sikuisoma.

Na cha tatu, hiki ndo kilinikaa kichwani zaidi, ni kwamba mtu pekee ambaye hakukatika siku ile ni mwanafunzi wa chuo. Huyo kwenye vipimo vyetu vyote ndo wa mwisho, mlimani anaachwa, spidi ya mwisho hana. Kifaru ndo alikua amekaa kwenye baiskeli anatushangaa kwa nini tunageuza. Nikajiuliza huyu ana nini ambacho wenzie hawana. Bas, nikaacha kuuliza kuhusu barabarani, nikaanza kuuliza kuhusu nyumbani. Nilimfuata kila mmoja peke yake nikamwambia nieleze kuanzia dakika uliyoshuka kwenye baiskeli siku ya Marangu mpaka ulipofumba macho, usiruke kitu.

Mwanafunzi alirudi hosteli, akala wali maharage sahani mbili mezani kwa mama ntilie wake, akalala mchana mpaka saa 10, jioni akala tena ugali na mchicha, akasoma kidogo akalala saa 3. Hana maisha mazuri kutuzidi, ana tu mchana ambao ni wake.

Nahodha anauza mitumba soko la Memorial. Alishuka kwenye baiskeli saa 5 kasoro, saa 5 na nusu alikua kashafungua meza, kasimama mpaka saa 12 jioni, chakula ni chapati moja na soda kwa sababu wateja walikua wengi na hakutaka kuacha mzigo. Anasema usiku alikula vizuri. Lakini saa zile mbili za kwanza baada ya kumaliza ndo mwili unapokea wanga haraka kuliko muda mwingine wowote, na kama kesho asubuhi unakimbia tena huwezi kuzipoteza. Yeye alizipoteza amesimama.

Mwenzao anayefanya kazi hotelini aliingia shifti ya usiku. Hapo sina la kueleza.

Yule mama, aisee. Anakaa Kibosho. Kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho ni kupanda, kila mtu anajua, na yeye ili asitoe nauli alipanda na baiskeli ile ile miguu ile ile iliyotoka Marangu. Kafika, mtoto mdogo anataka nyonyo ya mwisho mwisho, kamnyonyesha. Kashuka kukata majani ya ng'ombe, kabeba mzigo kichwani. Kapika, kawapa watoto, kampa mama mkwe, kafua nguo za shule. Chakula chake cha kwanza tangu Marangu alikula saa 9 alasiri, nacho kilikua kiporo cha kiburu kilichobaki. Usiku kalala saa 5, kaamka saa 10 alfajiri kukamua. Saa 12 na nusu alikua Moshi kavaa helmeti, kaniamkia na tabasamu. Na mimi nikampima, kilo moja na nusu, nikafunga daftari.

Nilipiga hesabu usiku ule. Mtu wa kilo 54 akiwa kwenye siku ngumu mfululizo anahitaji wanga kama gramu 8 kwa kila kilo, yaani zaidi ya gramu 400 kwa siku. Sahani ya kushiba ya wali inakupa kama 100 na kidogo. Ndizi mbivu moja kama 25. Kwa hiyo ni sahani tatu nzito, ndizi kadhaa, chai yenye sukari, na vitu vya kutafuna barabarani. Yeye kwa maelezo yake siku nzima ya Marangu hakufika hata nusu. Hakuna moyo unaoziba hilo pengo. Ndo nikaelewa kwamba majaribio yetu yalikua na hatua mbili kila siku, ya barabarani niliyoipanga mimi na ya nyumbani ambayo sikuiona, na hela ya nyumba ya wageni niliyojisifu kuiokoa ndo iliyowarudisha kwenye hiyo ya pili.

La binti mdogo lilikua tofauti na naliandika kwa ruhusa yake. Yeye hana watoto, hana biashara, anakaa kwa wazazi Rau, chakula kipo. Alikua hali kwa makusudi. Mtu alimwambia ukitaka kupanda mlima lazima uwe mwepesi, akawa anaruka ugali wa usiku. Tulipokua wawili tu akaniambia, dada, mimi sijaona siku zangu miezi minne, nilidhani ndo mazoezi yamekolea. Nilikaa kimya kwanza. Kuna wadada wengi wanaamini hivo, wengine hata wanafurahi kwamba ni usumbufu umepungua, lakini ni mwili unazima vitu kwa sababu chakula hakitoshi kazi inayofanyika, na baadae mifupa inalipa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu tatizo hilo tangu 2014. Dakika nne za Marangu tulizozishangilia alikua anazilipia kwa akiba ya mwili. Nilimpeleka kwa daktari wiki ile ile.

Kuna la Marangu pia tulilizungumza, la kuchomoka. Kwenye mbio za hatua matokeo ya timu yanahesabu muda wa watatu wa kwanza wa kila siku, kwa hiyo mmoja kufika mapema peke yake huku wanne wameungua kumfukuza hakuisaidii timu. Wenzie walimfukuza kwa nini? Nilipouliza, nahodha akajibu kwa ukweli, sikutaka kocha aone mimi ndo wa pili. Hapo nilishukuru sana, kwa sababu angeweza kunidanganya. Wote walikua wanakimbilia nafasi kwenye timu, hakuna aliyekua anaikimbilia timu, na kosa ni letu sisi wakubwa tuliowaacha mpaka mwezi wa saba bila kuwaambia nani anaenda na kazi ya nani ni ipi.

Nikawaonyesha kwenye simu Tour de France ya wanawake ya 2024. Demi Vollering alikua na jezi ya njano, ile ya anayeongoza, akaanguka hatua ya tano, akapoteza zaidi ya dakika moja, na hatua ile ile akashinda Blanka Vas ambaye ni wa timu yake. Siku ya mwisho Vollering akashinda kule Alpe d'Huez, lakini ukijumlisha hatua zote 8, Kasia Niewiadoma alimzidi kwa sekunde 4. Sekunde nne! Watu walibishana sana nani alipaswa kumsubiri barabarani. Na wetu wakabishana pia, sebuleni kwangu, mpaka chai ikapoa, na katika ubishi huo ndo majukumu yakajipanga yenyewe, mama wa Kibosho akasema mimi nivuteni tambarare tu, mlimani msinisubiri, nitakuja ndani ya muda.

Kazi ngumu zaidi ilikua Kibosho. Nilipanda Jumapili baada ya misa, na kocha, na kilo mbili za sukari. Mama mkwe alikua kibarazani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Mmekuja kunichukulia mkwe wangu?"

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, bila kupamba. Kwamba hatukuja kusema anaonewa. Kwamba ni siku tano za mbio na wiki chache kabla yake. Alisikiliza akiendelea kumenya, halafu akasema kitu sikukitegemea: "Mimi nilijua wanakimbia asubuhi imeisha, kama kwenda kisimani. Hakuna aliyeniambia ni kazi inayodai mpaka kesho yake. Mbona yeye hakusema?" Mkwe mtu akajibu kwa sauti ndogo, mama, ningesemaje nimechoka na baiskeli wakati majani hayajakatwa. Kocha akatazama chini. Nafikiri ile sentensi ilimfundisha zaidi ya maneno yangu yote, kwa sababu tukiwa tunashuka akaniambia pale Kifaru nilikosea, na wiki iliyofuata aliwaomba radhi wote.

Tulikubaliana kijana wa jirani akate majani siku za mazoezi makubwa, timu inalipa kwa mzigo, na baba watoto atakamua. Mama mkwe mwenyewe akasema mtoto atalala kwake na huo ndo muda wa kumwachisha, ameshakua.

Mwezi wa nane tukarudia siku zile zile tatu, njia zile zile. Safari hii tulikodi vyumba viwili Majengo, magodoro chini, tukamlipa mama mmoja apike. Chakula hakikua cha ajabu. Wakishuka tu wanakuta uji mzito wa sukari na ndizi, kabla hata ya kuoga, ndani ya nusu saa wali au machalari, halafu kulala. Jioni mtori na ugali. Chai tuliitenganisha na chakula kwa saa nzima, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma na wanawake tayari tunapoteza damu kila mwezi, hili lilileta kelele kuliko mlima wowote. Barabarani chupa ya maji yenye sukari gramu 60 kwa lita na chumvi kidogo, na mfukoni viazi vitamu vya kuchemsha, maandazi na tende, kila dakika 20 napiga honi kuwakumbusha kula. Nahodha alifunga meza Memorial siku tatu, timu ikamfidia kiasi, sio yote.

Siku ya tatu, Mwanga. Upepo ule ule. Walipokezana mbele kila mmoja dakika mbili, anayekaa nyuma ya mwenzie anapumzika, maana nyuma ya tairi unaokoa hata robo mpaka theluthi ya nguvu, na safari hii hakuna aliyekua anavuta ili aonekane. Kifaru tukapita. Pale kwenye lile jiwe yule mama aligeuza shingo akaliangalia, hakusema kitu. Mwanga tukafika, tukageuza, na upepo ukiwa mgongoni wakarudi kama wameona kesho. Moshi waliingia wanne pamoja. Mkanda wa nahodha ulisoma 168.

Wanne, kwa sababu binti hakukimbia. Daktari alisema apunguze mpaka mwili urudi, asipande milima, ale. Kocha iliniuma kumwona, ndo mpanda milima wetu pekee na nchi jirani kuna milima, na yeye binti alilia sana, alikua ameangalia mbio za dunia za Kigali Septemba 2025 mara nyingi kwenye simu, zile za kwanza kufanyika Afrika, akasema na mimi nitapita barabara kama zile. Hajaachwa. Anakaa na mimi kwenye gari, anaandika muda, anashika chupa, na anakula na wenzie sufuria moja. Wa hoteli naye bado tunamwombea ruhusa kwa bosi wake, jibu la mdomo tumepata, la maandishi bado, na bila yeye tunabaki watatu, hesabu ya timu haina hata mmoja wa akiba.

Binti anarudi kwa daktari Jumatano. Nafasi ya tano kwenye fomu nimeiacha wazi, mwisho wa kujaza ni Ijumaa.